Stenti ya Utumbo Hufungua Njia, Haiondoi Saratani

Ujumbe ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kwamba mzee amewekewa stenti, yaani mrija wa kushikilia njia ya ndani ya mwili iwe wazi, nusu ya ukoo huanza kuuliza habari za moyo, kwa sababu stenti tulizozoea kuzisikia ni za mishipa ya moyo. Anayemhudumia mgonjwa wodini anaeleza kwamba hapana, hii ni ya utumbo. Kulikuwa na uvimbe wa saratani ulioziba njia ya choo, na sasa mzee anaenda haja bila shida. Ndipo linapokuja jibu lililonisukuma kuandika makala haya: "Mungu ni mwema, basi amepona."

Bado hajapona. Uvimbe uko palepale ulipokuwa jana, umesukumwa tu pembeni ili choo kipite. Familia isipolijua hilo mapema, huingia katika wiki zinazofuata ikikata maneno bila kuelewa inaamua nini. Wapo wanaoghairi upasuaji uliokwisha kupangwa kwa kuwa mgonjwa anaonekana mzima, na wapo wanaouza ng'ombe kugharamia upasuaji ambao hakuna daktari aliyeupendekeza. Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu huisha mtu akijua mambo mawili: utumbo umeziba wapi, na stenti imewekwa kwa lengo gani.

Umeziba wapi

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita moja na nusu. Huanzia chini upande wa kulia, karibu na kidole tumbo, hupanda hadi chini ya ini, hukata tumbo kwenda kushoto, kisha hushuka hadi kwenye rektamu, sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa. Chakula kinapoingia upande wa kulia bado ni majimaji. Kazi ya utumbo huu ni kufyonza maji, kwa hiyo kinapofika kushoto kimeshakuwa choo kigumu, na huko kushoto utumbo wenyewe ni mwembamba zaidi. Uvimbe wa kulia unaweza kukua kwa muda mrefu ukivuja damu kidogokidogo, mgonjwa akilalamikia uchovu na kuishiwa damu, bila njia kuziba. Wa kushoto mara nyingi huuzunguka ukuta wa utumbo na kuubana hadi kubaki kitundu. Kati ya watu 100 wenye saratani ya utumbo mpana na rektamu, 8 hadi 13 hufika hospitalini kwa mara ya kwanza utumbo ukiwa umeziba. Hapa Kenya saratani hii imo miongoni mwa zinazoongoza, na wengi huijua ikiwa imeshakomaa.

Dalili ni tumbo linalosokota kwa vipindi, tumbo kujaa, kutapika, na kutoenda haja kubwa wala kutoa hewa. Mpangilio wake humwambia daktari mengi. Kizuizi kikiwa juu, kutapika hutangulia. Kikiwa chini, tumbo hujaa kwanza na kutapika huchelewa. Kinachowapoteza wengi ni pale njia inapokuwa imebana lakini haijaziba kabisa: choo chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu, mgonjwa akaonekana anaharisha. Jijini Nairobi mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza miezi akitibiwa amiba na taifodi, dozi juu ya dozi, bila mtu yeyote kumgusa tumbo wala kumpima kwa kidole njia ya haja kubwa.

Kuna kosa jingine ambalo ni hatari zaidi. Mtu akikosa choo siku tatu au nne hukimbilia kemisti kununua dawa ya kuendesha, au kwa muuzaji wa dawa za "kusafisha tumbo". Ikiwa njia imefungwa kabisa, dawa hiyo huulazimisha utumbo kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Tumbo likiwa limejaa, linasokota, na hata hewa haitoki, usinywe chochote cha kuendesha na usijipige bomba la haja kubwa nyumbani. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Haraka hiyo ina sababu yake. Pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana kuna vali inayoruhusu vitu kupita upande mmoja tu. Kwa watu wengi vali hiyo ni imara. Uvimbe ukiziba kushoto, basi kipande chote cha kati huwa kimefungwa ncha zote mbili, huku hewa na majimaji vikizidi kuingia kutoka nyuma. Ukipuliza puto refu utaona kwamba sehemu iliyokwisha kupanuka ndiyo inayozidi kupanuka, na pale pembamba panabaki vilevile. Katika utumbo mpana sehemu hiyo pana ni mwanzo wake, chini kulia. Kwa hiyo saratani inaweza kuwa kushoto na utumbo ukapasuka kulia, mbali kabisa na uvimbe. Picha ikionyesha sehemu hiyo imepanuka kufikia sentimita 12, madaktari huacha kungoja. Na ukishapasuka, choo kikamwagika tumboni, mazungumzo ya stenti yamekwisha. Ni chumba cha upasuaji moja kwa moja.

Si kila utumbo ulioziba umezibwa na saratani. Afrika Mashariki tuna visa vingi vya utumbo kujisokota, hasa kwa wanaume, na kuna henia (ngiri), na kuna makovu ya upasuaji wa zamani yanayoshikanisha utumbo. Stenti si tiba ya hayo. Ndiyo maana kabla ya jambo lolote mgonjwa hulazwa, akawekewa dripu na mpira wa puani wa kupunguza kilichojaa tumboni, damu ikapimwa, hasa chumvi za mwili kama potasiamu, kisha akapigwa picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha. Picha hiyo ndiyo huonyesha kizuizi kilipo, kama ni kimoja au ni vingi, na kama saratani imeshafika kwenye ini au mapafu. Familia nyingi huona kwamba siku ya kwanza imepotea kwa vipimo. Haijapotea. Maamuzi yote yanayofuata yamesimama juu ya picha ile.

Kinachoingizwa ni nini

Stenti ya utumbo ni mrija wa wavu wa nyuzi za chuma, mara nyingi nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani uliovumbuliwa katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani. Sifa yake ni kwamba hukumbuka umbo: ukiikunja na kuibana, kisha ukaiachia ndani ya mwili wenye joto, hurudi kwenye umbo lake la awali yenyewe. Ripoti ya kwanza ya kuitumia kwenye utumbo mpana uliozibwa na saratani ilitolewa na daktari Dohmoto mwaka 1991, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao haungeweza kuondolewa. Mwaka 1994 Tejero na wenzake nchini Uhispania wakaeleza matumizi ya pili: kufungua njia kwa muda ili mgonjwa apasuliwe baadaye akiwa ametulia. Matumizi hayo mawili ndiyo tunayobishania hadi leo.

Kazi yenyewe hufanyika bila kukata ngozi. Mgonjwa hupigwa bomba kusafisha sehemu ya chini tu, kwa sababu dawa ya kunywa ya kusafisha utumbo hairuhusiwi hapa. Hupewa dawa ya kumtuliza na kumsinziza. Daktari huingiza kamera kupitia njia ya haja kubwa hadi anapokutana na uvimbe. Mara nyingi kamera haipiti. Tundu lililobaki ni dogo mno. Hivyo hupitisha waya mwembamba wenye ncha laini, huku akiufuatilia kwenye skrini ya eksirei inayoonyesha picha wakati uleule, hadi uvuke ng'ambo ya uvimbe. Dawa ya kung'arisha hupulizwa ili urefu wa mbano upimwe. Kisha stenti, iliyokunjwa ndani ya mrija wa milimita tatu hivi, husukumwa juu ya waya ule. Huchaguliwa ndefu kuliko uvimbe, ili izidi sentimita kadhaa kila upande. Ganda lake likivutwa nyuma taratibu, wavu hujifungua, ncha zikapanuka na katikati pakabaki kiuno pale uvimbe unapobana. Kiuno hicho ni habari njema, maana kinaonyesha imekaa mahali pake. Sekunde chache baadaye hewa na choo kilichofungiwa siku nyingi hutoka kwa kishindo, na wauguzi wenye uzoefu wanajua wasimame wapi.

Stenti haifunguki yote papo hapo. Huendelea kupanuka kwa siku moja hadi tatu, ikafikia upana wa milimita 20 hadi 25 au zaidi kidogo. Kuna daktari anayeweza kushawishika kuipanua kwa nguvu kwa mpira wa kujaza hewa ili mambo yaende haraka. Mwongozo wa Ulaya wa matibabu ya endoskopi, yaani yanayofanywa kwa kamera, unakataza, kwa sababu kufanya hivyo huongeza hatari ya kutoboa utumbo.

Mikononi mwa wenye uzoefu, stenti hukaa mahali pake kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Wanaopata nafuu hasa, tumbo likashuka na choo kikatoka, ni pungufu kidogo ya hapo. Tofauti hiyo hutokea pale ambapo picha ilionyesha kizuizi kimoja kumbe kuna kingine mbele.

Ya kubaki au ya kusubiria upasuaji

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwana au binti wa mgonjwa aliulize kabla hajatia sahihi fomu: "Daktari, hii ya mzee ni ya kubaki, au ni ya kusubiria upasuaji?" Daktari hatakasirika. Akijibu kwa kigugumizi, hiyo nayo ni habari.

Tuanze na ya kubaki, maana hapo ubishi ni mdogo. Chukua mfano wa mama wa Githurai mwenye uvimbe ulioziba utumbo upande wa kushoto, na picha imeonyesha saratani imeshasambaa kwenye ini pande zote mbili. Hata uvimbe wa utumbo ukikatwa, ugonjwa utabaki. Anachohitaji ni kula, kwenda haja, kurudi nyumbani, na kama mwili unaruhusu, kuanza kemoterapia. Akipasuliwa ataamka na kidonda kikubwa na pengine mfuko wa choo, na kemoterapia itangoja kidonda kipone. Akiwekewa stenti anaweza kutoka hospitalini baada ya siku chache na kuanza dawa mapema. Kwa mgonjwa kama huyu miongozo inaipendelea stenti, na wengi hufika mwisho wa safari yao stenti ikiwa bado wazi.

Kuna tahadhari moja ambayo lazima daktari wa saratani aijue. Dawa ziitwazo bevasizumabu na za jamii yake, zinazozuia uvimbe kuotesha mishipa mipya ya damu, huongeza uwezekano wa utumbo kutoboka mahali penye stenti. Mgonjwa anayepewa dawa hizo, au aliyepangiwa, hashauriwi kuwekewa stenti. Kemoterapia ya kawaida haina katazo hilo.

Ya kusubiria upasuaji ndiyo yenye mjadala, na inafaa mjadala huo uelezwe wote, kwa sababu wagonjwa wake ni wale ambao bado wana nafasi ya kupona kabisa. Fikiria mzee wa Kariobangi, uvimbe kushoto, ini safi, mapafu safi. Akipasuliwa usiku huo wa dharura, tumbo limejaa, mwili umekauka maji, mara nyingi daktari hatathubutu kuunganisha utumbo uliovimba. Atakata uvimbe, afunge upande wa chini, na kuutoa upande wa juu kwenye ukuta wa tumbo, choo kiingie kwenye mfuko. Upasuaji huo unabeba jina la Henri Hartmann, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1921, na hadi leo umeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba kurudishia utumbo ndani kunahitaji upasuaji wa pili, na wagonjwa wengi, hasa wazee, hawaufikii kamwe. Tena upasuaji wa dharura una vifo vingi zaidi kuliko ule uliopangwa.

Stenti inampa mzee huyu nafasi nyingine. Utumbo unafunguliwa, tumbo linashuka, potasiamu inarudi sawa, anakula, anachunguzwa moyo na mapafu, kisha anapasuliwa mchana na timu iliyojiandaa, na utumbo unaunganishwa papo hapo. Ukisikiliza hivyo unashangaa kwa nini yupo mtu anayepinga.

Wanaopinga wana hoja nzito. Uvimbe ambao ungekatwa ukiwa mzima, sasa umesukumwa na kubanwa na waya wa chuma. Utumbo ukitoboka mahali hapo, chembe za saratani humwagika tumboni, na mtu aliyekuwa na nafasi ya kupona anaweza kuipoteza kwa ajili ya kuepuka mfuko. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wao wa wagonjwa 98, ambao waliusimamisha kabla ya wakati kwa kuwa waliowekewa stenti walikuwa wakipata madhara mengi zaidi katika siku 30 za kwanza. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2014 ukasema stenti isiwe njia ya kawaida kwa mgonjwa anayeweza kupona, ila kwa wazee wa zaidi ya miaka 70 au wenye maradhi mengine yanayofanya upasuaji wa dharura kuwa hatari. Baadaye tafiti ziliongezeka na mikono ikazoea. Mwongozo ulipoandikwa upya mwaka 2020 ulilegeza msimamo: sasa stenti ni chaguo linalopaswa kujadiliwa na mgonjwa, huku hatari na faida zikiwekwa wazi. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao CReST, wenye wagonjwa zaidi ya 240. Waliowekewa stenti kwanza walibaki na mifuko kwa uchache: chini kidogo ya nusu yao, dhidi ya takriban theluthi mbili ya waliopasuliwa kwa dharura. Na katika miaka mitatu iliyofuata, hawakufa zaidi wala saratani haikuwarudia zaidi.

Maoni yangu ni kwamba hoja hizo zote zimejengwa juu ya jambo moja ambalo Nairobi halina uhakika: tarehe ya upasuaji. Muda unaopendekezwa kati ya stenti na upasuaji ni takriban wiki mbili. Ukifupishwa sana, utumbo haujatulia. Ukirefushwa, stenti inaweza kuhama, kuziba au kutoboa, na nyama inayoizunguka hukakamaa na kuwa ngumu kupasua. Sasa mpeleke mzee wetu kwenye hospitali ya umma yenye foleni ndefu ya upasuaji, ambako mgonjwa wa dharura humpisha pembeni yule aliyepangwa. Mzee anaonekana mzima, anakula, hapigi kelele. Ni rahisi kumsogeza wiki ijayo, halafu ijayo tena. Wiki mbili zikigeuka miezi miwili, faida iliyoonekana kwenye tafiti haimhusu tena. Kwa hiyo mimi ningeomba tarehe iandikwe kwenye faili kabla stenti haijaingia. Kama haipatikani, na mgonjwa ana nguvu, upasuaji wa dharura wenye mfuko unaweza kuwa uamuzi bora, ingawa hakuna anayependa kuusikia.

Kuhusu mfuko huo niseme kidogo. Watu wanauogopa kuliko saratani yenyewe. Ni kweli una gharama ya kila mwezi, na kupanda matatu ya asubuhi kutoka Umoja ukiwa nao kunahitaji ujasiri. Lakini kutengeneza njia hiyo ya choo ni upasuaji unaojulikana hata katika hospitali nyingi za kaunti zisizo na kamera wala stenti, na hauhami wala hauzibwi na uvimbe kama stenti.

Pale isipofaa

Uvimbe ukiwa upande wa kulia, kwa mtu anayeweza kupasuliwa, stenti mara nyingi haina kazi kubwa: daktari hukata upande ule na kuunganisha utumbo mwembamba na uliobaki siku hiyohiyo. Ukiwa chini kabisa, kama sentimita tano za mwisho karibu na njia ya haja kubwa, stenti huleta maumivu, hamu ya kwenda choo isiyokwisha, na pengine kushindwa kuzuia choo. Hapo mfuko ni rehema.

Kuna pia wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi au ya ovari ambao utumbo wao umebanwa kutoka nje, na hao ni wengi nchini. Stenti kwao hufaulu kwa nadra zaidi kuliko kwa uvimbe ulioota ndani ya utumbo. Saratani ikiwa imetapakaa kwenye utando wa tumbo na kubana utumbo mwembamba sehemu nyingi, kufungua mahali pamoja tu hakusaidii. Huo ndio wakati ambao ndugu husema hospitali imekataa kumtibu, na si kweli. Zipo dawa zinazofanya kazi: oktreotidi ya kupunguza majimaji yanayomwagika utumboni, deksamethasoni ya kupunguza uvimbe wa ukuta wake, haiosini ya kutuliza msokoto, mofini ya maumivu. Metoklopramidi, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya kutapika, huepukwa pale utumbo ulipofungwa kabisa na unasokota, kwani huulazimisha kusukuma. Na mrija mdogo unaweza kupitishwa ukutani mwa tumbo hadi kwenye mfuko wa chakula, ukatoa kinachojaa, mgonjwa akaweza kuonja chai bila kutapika. Kazi hii inajulikana vizuri na watu wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, iko jirani na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kuwaita mapema hakumaanishi kukata tamaa na dawa nyingine.

Stenti hutumika juu zaidi pia. Saratani ya tumbo au kongosho inaweza kuziba mlango wa kutokea chakula. Hapo stenti humfaa zaidi ambaye siku zake ni chache, na upasuaji wa kupitisha chakula njia ya pembeni humfaa anayetarajiwa kuishi muda mrefu zaidi. Na kwenye umio, mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, hospitali ya Tenwek huko Bomet ina uzoefu wa miaka mingi wa kuweka stenti kwa wagonjwa wa saratani ya umio, ambayo ni nyingi katika Bonde la Ufa, na imefanya hivyo bila mashine ya eksirei ya kufuatilia. Kwenye utumbo mpana, ulio na kona na mikunjo, mashine hiyo ni vigumu kuikosa.

Hapo ndipo penye tatizo la upatikanaji. Inahitajika stenti yenyewe, ambayo huagizwa kutoka nje na hutumika mara moja tu, chumba chenye eksirei, na daktari aliyefunzwa. Vyote vitatu kwa pamoja hupatikana hasa katika hospitali kubwa za rufaa na za binafsi za Nairobi. Kabla hujamsafirisha mgonjwa kwa ambulensi kutoka Kitui au Narok, piga simu uulize kama stenti ya utumbo mpana ipo kabatini, si kama "hufanywa hapo". Uliza pia bei ya kifaa peke yake, kando na bei ya kazi na ya kitanda, maana bili hutajwa moja na kuja tatu. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya NHIF, idhini ya malipo huombwa kabla, hivyo mtu mmoja wa familia aende kwenye dawati lao siku ileile mgonjwa anapolazwa, kabla ya kufungua mchango wa M-Pesa.

Ukishatoka nayo

Hatari tatu zinabaki. Kutoboka kwa utumbo huwapata wachache kati ya kila 100, na kunaweza kutokea siku au hata wiki kadhaa baadaye. Stenti kuhama humpata takriban mmoja kati ya kumi. Wengine huikuta chooni. Na kuziba tena, mara nyingi kwa sababu uvimbe umepenya kwenye matundu ya wavu. Zipo stenti zilizofunikwa kwa utando ili uvimbe usipenye, lakini hizo hazishiki ukuta, kwa hiyo huhama zaidi. Ikiziba, mara nyingi ya pili huweza kuingizwa ndani ya ile ya kwanza.

Chakula ndicho kinachowachanganya watu, kwa kuwa ushauri wake ni kinyume cha ule tuliofundishwa. Kila mahali tunaambiwa tule nyuzinyuzi. Mwenye stenti anaambiwa azipunguze, kwani hushikana kwenye wavu. Ugali, wali, samaki, mayai, viazi vilivyomenywa na ndizi mbivu havina neno. Githeri, mahindi choma, bisi, njugu, mabua ya sukuma wiki, nyama ya chungwa na maembe yenye nyuzi viachwe. Anywe maji ya kutosha, na atumie dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa, kama laktulosi. Choo kigumu ndicho adui. Hapa dawa ya kulainisha inaruhusiwa kwa sababu njia imeshafunguliwa. Ile marufuku ya mwanzo ilikuwa ya njia iliyofungwa.

Maumivu makali yasiyokoma, tumbo gumu, homa, damu nyingi, au kujaa tena kwa tumbo bila choo wala hewa ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo. Arudi na karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa aina ya stenti, urefu wake, ilipowekwa, na tarehe. Akizidiwa akiwa kijijini Murang'a, daktari wa zamu atakayempokea hatakuwa na faili ya Nairobi, na picha ya eksirei yenye wavu wa chuma tumboni haitamwambia kama kuna upasuaji unaosubiriwa.